Pima Kwanza, Ndio Ulaumu

Leo hakuna vichekesho. Kuna deni niko nalo, na limenikalia kwa roho miezi mitatu sasa, kwa hivyo mnivumilie, posti ni ndefu. Tafuta chai.

Wengi wenu mnakumbuka ile video niliweka ya kijana wa skrapu. Ameketishwa chini kando ya nguzo ya stima, watu wamemzunguka, mkokoteni wake umepinduliwa, na mimi nyuma ya kamera nasema, "Huyu ndiye anatukatia waifai." Ile video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa. Halafu nikaifuta, na hamkuniuliza mbona. Leo nataka kuwaambia mbona. Nikimaliza, nataka kuteta na makampuni ya intaneti, na nanyi pia mtapata kidogo.

Tuanze na siku yenyewe.

Laini ilipotea Jumanne saa kumi jioni. Niliangalia ruta nikaona ile taa nyekundu imeandikwa LOS. Kama uko na faiba kwa keja, hiyo taa unaijua. Watu wengi wakiiona wanakimbia kuangalia kama bando imeisha. Zii. Hiyo taa haina shida na malipo yako. Inasema kitu kimoja tu: mwanga hauingii. Mahali fulani kati ya kampuni na nyumba yako, mwanga umekwama.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nikangoja, nikasikiza ule muziki wao mpaka nikaukariri, halafu sauti ikaniambia, "Tunaomba radhi, kuna uharibifu wa makusudi wa nyaya eneo lenu, mafundi wetu wanashughulikia." Sitataja kampuni, na hata sina haja, kwa sababu najua hata wewe umewahi kuambiwa hivyo na kampuni yako.

Sasa ona. Hakuna fundi alikuwa amefika. Hakuna mtu alikuwa amefungua hata kabati moja. Lakini tayari tulikuwa tumeambiwa ni makusudi. Nikaenda kwa grupu ya ploti nikaandika, "Wanasema kuna mtu amekata." Hiyo ndiyo sentensi iliyoanzisha kila kitu, na niliiandika mimi.

Jumatano ikapita bila intaneti. Jirani yangu anafanya kazi ya kuandika maandishi ya sauti kwa wateja wa ng'ambo, akapoteza kazi ya siku mbili. Dogo wa nyumba namba nne alikuwa na mtihani wa chuo mtandaoni. Watu walikuwa na hasira, na hasira ya haki kabisa. Kufika Alhamisi mchana, mtu akaona waya mweusi unaning'inia kwenye nguzo hapo nje ya geti, ncha imekatika. Na saa hiyo hiyo, kijana wa skrapu akapita na mkokoteni wake, ndani kuna mota ya friji iliyokufa na nyaya za shaba zimetoka nje.

Hesabu mlifanya wenyewe kwa video. Mlisikia makofi mawili. Kitu hamkusikia, kwa sababu nilikikata kabla ya kuweka, ni sauti ya mzee mmoja akiuliza kama kuna tairi hapo karibu. Baadaye alisema ilikuwa utani. Labda. Lakini sisi wote tumekulia kwa hii mitaa, tunajua hiyo tairi huwa ya nini, na hakuna mtu alicheka.

Kilichomwokoa kijana ni pikapu. Ilifika na ngazi juu, na akashuka dada mmoja wa helmeti ya njano, umri wake haunizidi sana. Aliangalia umati, akaangalia kijana, akauliza swali moja: "Nani amepima?"

Tukanyamaza. Kupima nini?

Akaenda kwa ule waya unaoning'inia, akaushika, akausoma maandishi ya ubavuni. "Hii si yetu. Hii ni laini ya zamani ya watu wengine, imekufa kitambo, hawakuja kuiondoa." Halafu akamwambia kijana, "Kuja ukae hapa karibu na gari." Kijana akaenda. Na mimi akaniangalia na simu yangu mkononi: "Wewe wa kamera, si unapenda kurekodi? Kuja urekodi na hii pia."

Akafungua kabati dogo lililo kwenye ukuta karibu na duka, akatoa begi, na ndani ya begi mashine ya ukubwa wa kitabu kinene, yenye kioo kama tableti. Inaitwa OTDR. Naomba mniruhusu niwaeleze inafanya nini, kwa sababu tangu siku hiyo nimeisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote shuleni, na bila kuielewa hamtaelewa ubishi wangu.

Faiba ni uzi wa kioo. Nje umevikwa plastiki, lakini kioo chenyewe, pamoja na ganda lake la kioo, ni unene wa mikromita 125. Ile njia ya katikati ambayo mwanga unapitia ni kama mikromita 9 tu. Nywele yako moja ni nene mara kadhaa kuliko hiyo njia. Na hapo ndani hakuna shaba hata chembe, hiyo tutairudia.

Ukiwa umesimama chini ya daraja ukapiga kelele, sauti yako inakurudia. Ukijua sauti inakwenda kasi gani, na ukahesabu imechukua muda gani kurudi, unajua ukuta uko umbali gani. Popo anawinda hivyo. OTDR inafanya vivyo hivyo kwa mwanga. Inarusha mpigo mfupi wa leza ndani ya faiba, halafu inanyamaza na kusikiliza kitakachorudi.

Kinachorudi ni vitu viwili. Cha kwanza ni mrejesho mkali, pale mwanga unapokutana na mpaka wa kioo na hewa, kama kwenye kichwa cha kuchomeka au mahali waya umekatika. Kioo kikikatika safi, kama asilimia 4 ya mwanga hugonga hapo na kurudi. Ni kama ukiangalia dirishani usiku unajiona.

Cha pili ndicho kilichonimaliza mimi. Hata kama faiba haina tatizo lolote, kioo chenyewe kinatawanya mwanga kidogo sana kila mahali, na sehemu ndogo ya huo mwanga inarudi nyuma. Huo mtawanyiko unaitwa kwa jina la Mwingereza Lord Rayleigh, aliyeueleza mwaka 1871 akitafuta jibu la mbona anga ni ya buluu. Ndio, ni kitu kile kile. Mwanga wa mawimbi mafupi, kama buluu, unatawanywa sana, wa mawimbi marefu unatawanywa kidogo. Ndiyo maana faiba hutumia mwanga wa mawimbi marefu ambao jicho haliuoni, nanomita 1310 au 1550, ili usipotee njiani. Na ndiyo maana, tafadhali, usiwahi kuchungulia ncha ya faiba eti uone kama kuna mwanga. Huwezi kuuona, na unaweza kukuumiza jicho.

Kwa hivyo mashine inapata minong'ono kutoka kila mita ya waya, na kelele kutoka mahali penye mpaka. Minong'ono ni dhaifu sana, kwa hivyo mashine inarusha mipigo maelfu, inajumlisha majibu na kutafuta wastani, ndipo picha inatulia. Wazo la kupima faiba hivi halikuanza jana. Barnoski na Jensen waliliandika mwaka 1976, wakati faiba yenyewe ilikuwa bado mtoto. Miaka kumi kabla, 1966, Charles Kao alikuwa ametabiri kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano, na mwaka 1970 watu wa Corning kule Marekani wakatengeneza kioo cha kwanza cha kutosha: baada ya kilomita moja, mwanga ulibaki zaidi ya asilimia 1. Ilisherehekewa. Siku hizi kwenye nanomita 1550 unaenda kilomita 15 hivi na bado uko na nusu ya mwanga. Kao alipewa Nobel 2009, mwaka ule ule kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa na sisi tukaanza kutoka kwa intaneti ya setilaiti.

Sawa. Turudi kwa kabati.

Dada alisafisha ncha ya faiba kwa kitambaa maalum. Alisema uchafu mdogo tu kwa ile ncha unaharibu kipimo. Halafu hakuichomeka moja kwa moja kwa mashine. Aliweka katikati kifurushi cha faiba iliyozungushwa. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema mashine ikirusha mpigo, mwanzoni inapigwa na mrejesho wake yenyewe na kuwa kipofu kwa muda mfupi, kama wewe ukimulikwa na gari usiku. Hicho kipande cha kuanzia kinaipa muda wa kurudisha macho kabla haijafika kwa laini yenyewe.

Akabonyeza. Tukangoja kama dakika moja. Kwa kioo ukachorwa mstari.

Ulikuwa unashuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama mteremko wa barabara. Akanionyesha kwa kidole. Mteremko ni ule upotevu wa kawaida wa mwanga kwa kila kilomita. Hapa kuna ngazi ndogo inashuka, hicho ni kiungo, mahali faiba mbili zilichomwa zikaungana. Kiungo kizuri hupoteza chini ya desibeli 0.1. Hapa kuna mwiba unapanda juu, hiyo ni konekta. Halafu hapa... mwiba mkubwa, na baada yake mstari ukaanguka mpaka chini kabisa, ukabaki ni takataka zinazotetemeka. Baada ya hapo hakuna faiba.

Kando ya ule mwiba paliandikwa kilomita 1.63.

Si uchawi, ni hesabu ya darasa la nane. Mwanga hewani unaenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya kioo unapunguza mwendo, ugawe kwa kama 1.47, unabaki na karibu kilomita 204,000 kwa sekunde. Mrejesho ulichukua mikrosekunde 16, yaani sehemu 16 za milioni za sekunde moja. Zidisha, unapata kilomita 3.26. Lakini hiyo ni kwenda na kurudi, kwa hivyo gawa kwa mbili. Kilomita 1.63.

Nguzo yetu iko mita ishirini kutoka kwa lile kabati.

Sijui kama mnaelewa vile nilihisi. Nilikuwa nimesimama na simu mkononi, video ya kijana tayari iko hewani, watu wanacheka kwa komenti, wengine wanasema achomwe. Na mashine ya ukubwa wa kitabu inaniambia, kwa namba, kwamba tulikuwa tunampiga mtu kilomita moja na nusu mbali na tatizo.

Mzee mmoja, nampa haki yake, aliuliza swali zuri: "Na huyu kijana si anatembea? Si anaweza kuwa alikata huko?" Dada alimjibu kwa heshima, "Mzee, hii mashine haijui nani. Inajua wapi. Twende tuone."

Tukaenda. Watu kama sita, na kijana akakataa kubaki nyuma, akasukuma mkokoteni wake tukiandamana. Dada alitueleza kwamba tusitembee kilomita 1.63 kamili. Faiba huwa ndefu kuliko barabara. Mafundi huacha mizunguko ya akiba kwa nguzo na kwa mashimo, ili siku ya kuunga tena kuwe na waya wa kuvuta. Alikuwa na ramani ya akiba kwa simu yake, akatoa, akasema tuangalie kuanzia kilomita moja na nusu.

Tulipofika hapo, hakuna mtu alihitaji kuelezwa. Kulikuwa na mtaro mpya wa maji machafu, mchanga bado mbichi, alama za meno ya mashine ya kuchimba. Pembeni kipande cha bomba la plastiki limeraruka, na waya umetokea ndani kama mkia. Dada akauinua. Haukuwa umekatwa kwa kisu wala msumeno. Ulikuwa umevutwa mpaka ukakatika. Mama wa mahindi aliyekuwa hapo karibu akasema tu, "Hiyo mashine ilikuwa hapa Jumanne. Jioni ndio walifukia wakaenda."

Jumanne jioni. Saa kumi.

Walipiga kambi, wakachimba, wakaunga. Usiku saa mbili taa yangu ya ruta ikawa kijani. Kijana wa skrapu alikuwa ameenda kitambo. Kabla aende alinijia, hakupiga kelele, akaniambia, "Bro, toa hiyo kitu." Nikaifuta hapo hapo mbele yake. Lakini mnajua vile hii mitandao iko. Watu walikuwa wameshaihifadhi, na wiki iliyofuata nikaiona kwa akaunti nyingine imewekewa muziki.

Sasa ubishi wangu.

Kwa makampuni: acheni kusema "uharibifu wa makusudi" kabla ya kupima. Najua kuna watu hukata nyaya kwa makusudi, si siri. Kuna wanaokata wakidhani ni shaba, wanapata kioo ambacho hakuna mnunuzi wa skrapu atakitoa hata shilingi. Lakini pia kuna mitaro, barabara zinazopanuliwa, malori yanayobeba mizigo mirefu, panya, nguzo zinazoanguka, na mafundi wenu wenyewe wanaokunja waya kupita kiasi. Mkitupa neno "makusudi" kwa mtaa wenye watu wamekasirika, hamjatoa habari. Mmetoa kibali cha kutafuta mtu wa kuadhibiwa. Na mtu huyo hawezi kuwa dereva wa mashine ya kuchimba aliyeshaenda. Atakuwa yule maskini anayepita.

Semeni "hatujapima bado." Ni maneno mawili, hayana aibu. Mkishapima, tuambieni mliona nini: waya umekatika umbali fulani kutoka kituo fulani, mafundi wako hapo, tunatarajia kumaliza saa fulani. Mko na hizo namba tayari. Ziko kwa kioo cha fundi wenu.

Kuna jamaa yangu wa kazi hizi aliniambia kampuni haziwezi kutangaza kila mahali waya umepita, eti wezi watajifunza. Naielewa hiyo. Lakini sikuomba ramani. Kuniambia "ni kilomita moja na nusu kutoka kwenu, kwenye ujenzi wa barabara" hakumfunzi mwizi chochote ambacho mtaro wenyewe haujamwonyesha. Na kungetosha kutawanya umati.

Jambo la pili. Siku unawekewa faiba, omba kipimo. Fundi mzuri hupima laini akimaliza, aone viungo viko sawa na mwanga unafika wa kutosha. Hicho kipimo kinafaa kiwe kama cheti cha kuzaliwa cha laini. Siku ikiugua, unalinganisha mstari wa leo na ule wa siku ya kwanza, unaona ngazi mpya imetokea wapi. Bila cheti, fundi anaanza kubahatisha. Dada aliniambia kitu kingine: waya uliokunjwa sana huonekana vibaya zaidi kwenye nanomita 1550 kuliko 1310, kwa hivyo ukipima kwa zote mbili unaweza kujua kama ni mkunjo au ni kiungo kibovu, bila kufungua kitu. Wale wateja wa "intaneti yangu iko polepole kila jioni" wanaambiwa wazime ruta na kuiwasha. Wengine labda waya wao umebanwa na mlango wa kabati tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuuangalia.

Najua mtasema mashine ni ghali na mafundi ni wachache. Ni kweli kwamba si kila fundi anatembea na OTDR. Lakini siku mbili za mtaa mzima bila intaneti pia ni pesa, tofauti ni kwamba ni pesa zetu, kwa hivyo hazihesabiwi popote. Serikali ilisema mwaka 2022 inataka kilomita 100,000 za faiba nchini. Poa sana, mimi ndiye wa kwanza kufurahi. Lakini kila kilomita ya kioo inataka mtu wa kuipima. Nani anafunzwa? Hapa tuko na vijana wamemaliza shule wanakaa kwa kibaraza, na kuna kazi inayotaka mkono mtulivu, hesabu ya kugawa kwa mbili, na akili ya kusoma mstari. Yule dada aliisomea chuo cha ufundi, si ng'ambo. Vyuo viko. Tuviulize kama hizi mashine ziko pia, au ni picha tu kwa kitabu.

Na hata kule kwa mambo makubwa ni hivyo hivyo. Mnakumbuka Mei 12, 2024, ile Jumapili intaneti ilizama Afrika Mashariki yote? Ilikuwa ni kebo za EASSy na SEACOM zimekatika baharini upande wa Afrika Kusini. Hakuna mtu alipiga mbizi kutafuta kwa macho. Kwa kebo za baharini kuna vikuza mwanga njiani, kwa hivyo OTDR ya kawaida haipiti, wanatumia ndugu yake mkubwa, lakini wazo ni moja: rusha mwanga, hesabu muda, jua wapi, ndipo utume meli. Meli haitumwi kwa sababu mtu kwa simu amesema "nadhani."

Sasa nanyi.

Mimi sikuwa kampuni. Sikuwa na presha ya mteja. Nilikuwa na simu, na nilikuwa na sentensi moja niliyoambiwa na mtu ambaye pia alikuwa hajui. Nikaiongezea uso wa kijana na nikaituma kwa watu wote mnaonifuata. Ile mashine inarusha mipigo maelfu kabla ya kuamini jibu lake. Mimi nilirusha mmoja, tena bila kungoja urudi.

Sisi watu wa mitandao tunapenda kusema tunafichua. Kufichua kunataka kipimo. Kama hujui wapi, huwezi kujua nani. Na hata ukijua wapi, bado hujui nani, utaenda uone, utauliza mama wa mahindi. Hiyo safari ya dakika ishirini ndiyo sikuifanya, na ilikuwa inatosha kabisa.

Kijana bado anapita huku. Nimemwona mara mbili. Alikuwa anasimama nje ya geti letu kuuliza kama kuna chupa au mabati, mama wa nyumba ya chini alikuwa anamwekea. Siku hizi anavuka upande wa pili wa barabara kabla afike kwetu. Nilimfuata mara moja nikamwomba msamaha, na akaniambia "sawa tu," ile ya mtu anayetaka uondoke. Nilimuuliza kama naweza kuandika haya. Alisema niandike, lakini nisiweke jina lake wala sura yake tena. Hiyo nimetii.

Ombi langu ni moja. Kama ulihifadhi ile video, ifute. Kama umeiona kwa akaunti nyingine, iripoti, usiicheki kwanza. Na wewe ambaye umesoma mpaka hapa na laini yako iko chini sasa hivi, piga simu uwaulize: "Mmepima? Ni umbali gani?" Wakikwambia ni makusudi, waulize tena. Halafu niambieni kwa komenti mlijibiwa nini. Kampuni msiitaje. Andikeni jibu tu.